Ombi la Kurudishiwa Mama Mkwe Aliyebaki Gereji

Ndugu Fundi Mkuu,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na mafundi wako wote, na kwamba lile jeki lenu linaloshuka lenyewe bado halijamshukia mtu. Mimi ni yule fundi wa sofa mwenye gari refu la mizigo. Naandika kwa unyenyekevu, lakini nimekasirika, na naomba yote mawili yazingatiwe.

Kwa faida ya wengine watakaoisoma, maana najua utaibandika ukutani, nianze na historia. Gari langu lilikuwa linalia nyuma. Nikitoa gia ya kwenda mbele nikaweka ya kurudi nyuma: ko! Nikiachia mafuta ghafla: ko! Wewe ulisema ni difu, lile boga la chuma lililo kati ya magurudumu ya nyuma. Msaidizi wako akasema ni bushi. Yule wa kuchomelea, ambaye hakuulizwa, akasema ni dereva. Mkabadilisha bushi, mlio ukabaki. Mkabadilisha shokapu, mlio ukabaki, tena ukawa unasikika vizuri zaidi. Ndipo ukasema atafutwe mtu alale nyuma, sikio sakafuni, wewe ukiendesha, kwa sababu masikio ya mafundi wako yameshaliwa na nyundo na redio.

Mama mkwe wangu alikuwa kwenye benchi lenu, ananisubiri nimpeleke kupima macho. Akainuka akasema, "Kinachonisumbua ni macho, masikio yangu mazima. Hebu nipisheni."

Ndugu Fundi Mkuu, wewe ni mtu mzima na una wakwe. Ungeweza kukataa. Mimi sikuweza, maana mkwe hambishii mama mkwe mbele za watu. Wakati anapanda niligeukia ukuta, nikasoma tangazo la oili mpaka nikalikariri. Mkazunguka naye mitaa yote yenye mashimo. Aliposhuka, vumbi mpaka kwenye nyusi, akasema kitu kinagonga mara moja tu kila unapobadilisha mwendo, na kiko katikati ya gari, si kwenye magurudumu. Mkashusha propela, lile bomba refu linalopeleka nguvu ya injini kwenye difu, mkakuta krosi yake, kile kiungo cha kati, inacheza kama jino la mtoto. Mkaweka mpya, gari likanyamaza kimya.

Kwa hilo nashukuru. Ila mlinirudishia gari tu. Tangu siku ile mama anaamka, anavaa koti la bluu mlilompa, na kuja kwenu kulala kwenye buti za magari ya watu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Heshima. Mnamwita Mama Difu. Mama wa watu ana jina lake, ana wajukuu, ni mweka hazina wa kikundi cha akina mama, nyie mnampa jina la kipuri. Tena jina lenyewe limesambaa ukoo mzima. Mimi mtaani sasa ni Mkwe wa Difu. Binti yangu shuleni ni Mjukuu wa Difu, na mwalimu akimwita hivyo, anaitika bila wasiwasi.

2. Utaalamu wenu ameuleta nyumbani. Mtoto akikohoa, haulizi kama ana homa. Anauliza kama anakohoa akiongeza mwendo au akipunguza. Shemeji yangu, mwanawe wa kumzaa, alikuja kutusalimia, na alipoinuka kitini goti likalia. Mama akamtembeza sebuleni mbele na nyuma, mbele na nyuma, sisi tumeshika vikombe tunatazama, kisha akatangaza kwamba goti ni zima, kilicholegea ni kiuno. Shemeji alikuwa amekuja na mchumba wake. Hawajarudi tena.

3. Wateja wenu wanamfuata kwangu. Sijafungua karakana, nje tayari kuna foleni ya magari yanayogonga, kila moja kwa lugha yake. Juzi mwenye lori alisimama mlangoni kwangu na lori likagoma kuondoka, na kochi la watu watatu likashinda ndani kutwa na mwenye kochi yuko nje analitazama dirishani.

4. Lalamiko la nne mke wangu amelisoma akalifuta. Anasema mama yake ana furaha kuliko alivyowahi kumwona, na kwamba mwenye tatizo humu ndani si mama.

5. Hili ndilo linaloniuma, kwa hiyo nitaliandika taratibu. Kabla hamjampata nyie, mama alikuwa anakalia kila sofa kabla halijatoka kwangu. Anakaa, anajisogeza kushoto, anajisogeza kulia, anatega sikio. Kisha anasema, "Springi ya pili, upande wa ukutani." Nafungua kitambaa, nakuta kweli. Tukimaliza tunakunywa chai hapohapo juu ya sofa la mtu, tumetandika gazeti tusilichafue, naye ananisimulia jinsi marehemu baba mkwe alivyokuwa mbishi, ananitazama kama anayesema tumefanana. Sasa nakalia mwenyewe na sisikii kitu, maana miaka yote hii nimekuwa napigilia misumari. Juma lililopita sofa moja likarudishwa. Mwenyewe anasema alipata mgeni wa heshima, mgeni akakaa, sofa likatoa sauti, na watu wote sebuleni wakamtazama mgeni. Mgeni aliaga kabla ya chakula. Nimelifumua sofa lote na sijui sauti ilitoka wapi. Na chai nakunywa peke yangu. Sukari ni ileile, lakini chai haipandi.

6. Hapa sasa nasema kama raia. Leo gereji yenu imechukua mama mkwe mmoja. Kesho gereji ya ng'ambo ya barabara nayo itataka wake, wa injini. Wenye mashine za kusaga watataka wao, na wenye majenereta. Itafika mahali kijana anakwenda ukweni kujitambulisha, amechomekea shati na viatu vinang'aa, anaambiwa mama yuko chini ya basi, arudi Jumatatu. Posa zitapelekwa gereji. Wazee wataketi juu ya matairi kujadiliana. Na watu wakiuliza haya yalianzia wapi, watatajwa nyie.

Kwa hayo yote, naomba mumwachishe mama kazi kwa heshima na mumrudishe nyumbani. Kama haiwezekani, basi haki itendeke: mnipe fundi wenu mmoja awe mama mkwe wangu wa muda. Awe mtu mzima, ajue kukaa, aniambie ukweli bila kunionea haya. Napendekeza yule wa kuchomelea, kwa kuwa ana maoni hata asipoulizwa. Khanga nitamnunulia mimi.

Nisalimie wote hapo: msaidizi wako, mpiga rangi, muuza maji, na yule paka anayelala juu ya injini zenye moto. Mama naye nisalimie, ingawa tutaonana jioni. Mwambie chakula chake kimefunikwa.

Ni mimi, niliyekuamini na gari nikapungukiwa na mama,
Fundi wa Sofa

Nyongeza: Barua ilikuwa tayari ndani ya bahasha, imenibidi niifungue. Leo asubuhi mama akiwa anavaa koti lake nilimwambia gari limeanza tena kulia nyuma. Na lilikuwa linalia kweli, kwa sababu nati niliilegeza mwenyewe alipokuwa anaoga, nikitumaini atashinda nyumbani akitafuta. Akalala nyuma, nikaendesha. Hatukufika hata kwenye kona, akagonga bodi nisimame. Akasema hii si propela wala difu, ni tairi la akiba linaloning'inia chini, nati imelegea. Tena haikulegea yenyewe, maana nati inayolegea yenyewe huanza kwa kunong'ona, na hii jana ilikuwa kimya, leo inapiga kelele. Imelegezwa na mtu, na mtu huyo ana grisi kwenye kola.

Nilitazama usukani. Akasema, "Baba, ukitaka nikae na wewe si useme tu?"

Ndugu Fundi Mkuu, tangu nimuoe binti yake sijawahi kumwomba mama yule kitu chochote kwa mdomo wangu; haya ilinizuia. Leo nimemwomba, hapohapo barabarani, watu wanapita. Nimeomba Jumamosi. Amekubali kabla sijamaliza kusema. Siku nyingine zote ni zenu, wala msithubutu kumwachisha kazi, na nimemshonea godoro jipya la sponji nene la kulalia kwenye hizo buti, msije mkamlaza juu ya chuma.