Amri Isiyo na Sharti

Wananchi wote wa Kihanga, Kituntu na Nkwenda walitangaziwa, kwa kipaza sauti na kwa fahari, kwamba kuanzia Jumatatu hiyo ya mwaka 1993 hakuna atakayehangaika tena kutafuta habari. Idara mpya ya Maulizo ya Nje ilikuwa imepata kompyuta. Mwananchi angeiuliza kompyuta, kompyuta ingeuliza makao makuu ya kanda, na kanda ingejibu kwa jedwali.

Programu iliandikwa na Eustadia, mwanafunzi wa chuo kikuu aliyekuja kwa mafunzo ya vitendo akiamini kwamba umaskini ni upungufu wa majedwali. Aliifundisha kompyuta kuiona kanda nzima kama jedwali moja kubwa: ukiandika CHAGUA hiki KUTOKA kule AMBAPO sharti fulani limetimia, jibu linakuja. Kompyuta ilisadiki kwamba inazungumza na kanda moja kwa moja. Kwa kweli ilizungumza na Saleh, mtu wa simu ya upepo, aliyeichukua karatasi kwenye printa, akaisoma hewani, kisha akarudi na jibu alilosomewa. Eustadia aliliita jambo hili hatua ya mpito.

Mwananchi wa kwanza alikuwa Nyiransabimana, mkulima wa Kituntu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Ng'ombe wangu ana ndigana, homa hii ya kupe, na wajukuu wanaishi kwa maziwa yake. Namtaka bwana mifugo."

Eustadia akaandika, akihisi uzito wa historia: CHAGUA mahali KUTOKA watumishi AMBAPO kazi = bwana mifugo. Saleh akasoma. Baada ya kitambo kirefu jedwali likarudi: bwana mifugo yupo Idara ya Maulizo ya Nje.

"Si huyo hapo dirishani?" akauliza Nyiransabimana.

Alikuwa ndiye, Polikarpi, ameshika galoni la dizeli. Idara ilimng'ang'ania kwa kuwa yeye pekee ndiye aliyeweza kuwasha jenereta.

"Sasa tumethibitisha," akasema Eustadia, akajisikia mjinga, ila mjinga mwenye ushahidi.

Polikarpi akaingia kwa Mratibu Mkuu wa Idara, Bwana Rwegoshora, Eustadia nyuma yake.

"Mzee, niruhusu niende Kituntu. Nikichelewa, ng'ombe yule atakuwa nyama."

"Na jenereta?"

"Jenereta haiumwi."

Bwana Rwegoshora hakuwa amejibiwa hivyo tangu apandishwe cheo. "Unaipenda Kituntu? Basi hamia huko huko. Binti, andika."

Eustadia akaandika kwenye karatasi: BADILISHA watumishi WEKA kituo = Kituntu AMBAPO jina = Polikarpi.

Mratibu Mkuu akavaa miwani. "Hili 'ambapo' la nini?"

"Ni sharti, mzee."

"Mimi natoa amri zenye masharti?"

"Bila sharti, itamgusa kila mtumishi wa Idara."

"Amri yangu inapaswa kumgusa kila mtumishi. Ndiyo maana ya uongozi." Akalikata kwa wino mwekundu.

Chuoni Eustadia alikuwa amewahutubia wenzake juu ya wajibu wa mtaalamu kumkatalia mkubwa anayepotoka. Sasa, akiipiga amri kwenye kompyuta kama ilivyokatwa, alishangaa jinsi vidole vyake vilivyokuwa vitiifu, tena vyepesi.

Saleh akarudi akiuma midomo. "Kanda wanasema imetekelezwa. Wote."

"Wote nani?"

"Idara nzima, mzee. Wewe umetajwa wa kwanza, kwa heshima ya cheo."

Mratibu Mkuu akaamuru ombi la kutengua. Kanda ikajibu kwamba maombi hupokelewa kutoka kituo cha kazi cha mwombaji tu. Cha kwake kilikuwa Kituntu, ambako hapakuwa na simu ya upepo. Tena, atakayekosekana kituoni jua likizama atahesabiwa mtoro.

Wakaenda wote kwa Land Rover moja, Nyiransabimana akikaa mbele kwa kuwa ndiye aliyeijua njia.

Polikarpi akampapasa ng'ombe shingoni. "Tumewahi," akasema, akavuta dawa kwenye sindano. Ng'ombe akarusha kichwa. Nyiransabimana akageuka, akamwona mtu mmoja aliyevaa suti, mikono iko nyuma.

"Wewe mnene, njoo ushike pembe hizi."

"Mama, mimi ni Mratibu Mkuu."

"Wa wapi?"

Bwana Rwegoshora akawatazama watumishi wake, waliokuwa wamesimama kwenye matope kando ya zizi.

"Wa hapa," akasema.

"Basi shika."