Kompyuta Chini ya Kiti cha Mama

Jumatatu, 18 Novemba 2002

Simu ya Mama imenikuta ofisini, mbele ya watu. Anapanda treni Dodoma keshokutwa. Anataka kuliona gari la marehemu Baba kwa macho yake, likitembea. Likitembea, linabaki kwangu. Lisipotembea, linapandishwa behewa la mizigo na kurudi kwa kaka yangu Oswald, ambaye kwa maelezo ya Mama hana digrii lakini ana akili ya vyuma. Sharti la pili limebaki kama lilivyotamkwa siku ya arobaini ya Baba: nisibadilishe kitu. Hata skrubu.

Nimemwambia gari ni zima. Kwa tafsiri pana ya neno hilo, si uongo. Lina milango minne na honi. Halina injini.

Nieleze kwa haki. Injini ya Baba ilifia kwenye kilima cha Mwandiga mwezi uliopita. Taa nyekundu ya oili ilikuwa imewaka wiki nzima. Nilizingatia umri wa gari (Korola ya mwaka 1979), nikazingatia hali ya nyaya zake, nikahitimisha kwamba hitilafu ilikuwa kwenye taa. Nikatoa balbu. Hitimisho lile bado naona lilijengwa vizuri. Kilichokosekana ni oili.

Injini nyingine imeshafika kwa treni. Ya miaka ya tisini! Haina kabureta, petroli inapimwa na kompyuta, kisanduku cha bati chenye ukubwa wa kitabu cha nyimbo za kanisani, ambacho mafundi wa hapa wanakiita kontroli boksi. Aliyeiuza huko Dar alizikata nyaya kwa msumeno. Zinaning'inia kama matumbo ya ng'ombe siku ya Idi.

Mpango: moyo mpya, sura ya zamani. Mama asijue.

Jumanne, 19 Novemba

Gereji ya Hamdani, Ujiji. Fundi injini, fundi umeme na msemaji mkuu wa mtaa, wote katika ovaroli moja. Amefunga Ramadhani na ameona vema nijue kila robo saa.

Petroli iliyolala tangini ilibidi ivutwe kwa mpira. Hamdani alisema mdomo wake leo ni wa Mungu peke yake. Nimevuta mimi. Nina shahada ya sosholojia, daraja la pili la juu, na nimecheua petroli hadi adhana ya alasiri.

Injini imekaa vizuri. Mgogoro ni makazi ya kisanduku. Hamdani anataka kukiweka mbele, kando ya betri, ndani ya kopo la maziwa ya unga, ili akikitaka akifikie. Nilimweleza kwamba nimesoma katika kitabu: kifaa hicho kina maadui watatu, nao ni joto, maji na mtikisiko. Akaniuliza kama mwandishi wa kitabu hicho amewahi kufika Ujiji.

Hapo akatokea Frida. Jirani yangu wa Bangwe; anafanya kazi na shirika moja la wakimbizi na anaendeshwa katika gari jeupe lenye antena ndefu kuliko minazi. Akateremsha kioo nusu. Akaniita shosti. Akasema dereva wake, Januari, anasema magari yote ya kisasa huficha kisanduku nyuma ya droo ya dashibodi, juu ya miguu ya abiria, pakavu, pasipofika joto. Halafu akasema nisihangaike: Ijumaa yeye mwenyewe atampokea Mama stesheni, maana gari lake limezoea kubeba watu waliokwama.

Hamdani alicheka hadi akakumbuka swaumu.

Nimelitafakari pendekezo la droo kwa uadilifu wote. Sikuliona kuwa na kasoro yoyote. Kwa hiyo nimelikataa.

Jumatano, 20 Novemba

Uamuzi: chini ya kiti cha mbele cha abiria. Mbali na joto la injini. Mbali na macho ya Mama, kwani hakuna mtu anayekikagua kiti alichokikalia. Na si nyuma ya droo!

Hamdani alipinga. Kwanza, sakafu hapo ina tundu la kutu linalotosha ngumi. Nikamwonesha zulia. Pili, akasema, chini ya kiti mkoa huu ni mahali pa kuku. Nikamjibu kwamba Mama hasafiri na kuku. Akaguna, akaziunga nyaya, akazivingirisha gundi nyeusi ya umeme, akazipitisha chini ya zulia. Kwenye dashibodi amefunga taa, kataa kadogo ka njano. Kisanduku kikiugua, kataa kanasema.

Mchango wangu binafsi ni kofia. Lile sinia jeusi la kichujio cha hewa, lililokaa juu ya kabureta ya Baba miaka yote, nimeliosha na kulikalisha juu ya injini mpya. Halifanyi kazi yoyote. Linaheshimika tu. Ukifungua boneti unaiona injini ya Baba. Nimejipongeza.

Gari halijawaka. Ni mapema mno kuhitimisha.

Alhamisi, 21 Novemba

Halijawaka! Stata inazungusha, injini inapiga miayo, basi. Lakini likisukumwa na vijana wa kijiweni hadi kwenye mteremko, linawaka na kuimba. Likizimwa, haliwaki tena hadi lisukumwe. Saa nne asubuhi vijana walikuwa wakiniita dada. Saa nane walikuwa wakiniita mwajiri.

Mama hawezi kupokewa kwa kusukuma. Hamdani anadai injini ina ugeni, itazoea.

Mimi nimetazama kwa makini, kama nilivyofundishwa. Redio ilikuwa imewashwa ikisoma habari za mazungumzo ya amani ya Burundi. Kila nilipogeuza ufunguo, mtangazaji alinyamaza, nilipouachia, aliendelea. Nikahitimisha kwamba redio na stata vinagombania umeme na redio ndiyo mlafi. Nikaamuru ing'olewe. Hamdani akaing'oa akinung'unika kwamba sasa hatasikia bei ya sukari.

Haikusaidia. Ila redio ilipotoka, ule waya ambao Hamdani alikuwa ameuazima hapo ili kukilisha kisanduku umeme ulibaki unaning'inia, hauna pa kwenda. Alikuwa na haraka ya futari. Akauchomeka kwenye waya wa koili, uliokuwa karibu na mkono wake, akaniambia nijaribu kwa mara ya mwisho.

Liliwaka! Mara moja! Likazimwa, likawaka tena. Ikabainika, kwa kurudi nyuma, kwamba waya wa redio hukatwa umeme wakati stata inazungusha, wa koili haukatwi. Kisanduku kilikuwa kinakufa kila kilipohitajika, kama baadhi ya wakubwa wangu.

Hamdani anasema ni baraka ya mwezi. Mimi nasema ni matokeo ya uchunguzi. Nakiri kwamba hitimisho langu lilikuwa na kosa. Lakini kosa lililofika mahali sahihi linastahili heshima fulani. Nimefuturu naye uji na tende. Sijawahi kunywa uji mtamu hivyo.

Ijumaa, 22 Novemba

Treni ya asubuhi imefika jioni. Frida alikuwa stesheni tangu saa nne, na gari jeupe, na shada la maua! Nilimwahi Mama mlangoni mwa behewa. Shikamoo Mama. Marahaba, umekonda, gari liko wapi?

Akaketi mbele, juu ya kompyuta. Ufunguo. Likawaka. Nilitamani kupiga vigelegele. Nikamwona Frida akiyapeleka maua yake kwa mzungu wa kazini kwao aliyeteremka behewa la nyuma.

Mama alisikiliza hadi tukafika njia ya Bangwe. Kisha akasema Baba yangu alikuwa anakohoa kila asubuhi, na gari lilikuwa linakohoa naye, na leo halikohoi. Nikasema nimelifanyia usafi wa koo. Akaguna.

Nyumbani akaamuru boneti. Nikafungua, mapigo ya moyo yakiwa juu ya kiwango kinachoruhusiwa. Aliitazama kofia nyeusi muda mrefu. Akaipapasa kama kichwa cha mtoto. Kofia ikazunguka nusu duara chini ya kiganja chake, maana haijafungwa na kitu. Akaurudisha mkono mgongoni. Alitaka kujua tu kama kuna chai.

Nimeshinda. Nadhani.

Jumamosi, 23 Novemba

Sijui nianzie wapi. Nianzie Mwandiga.

Mama hawezi kuondoka Kigoma mikono mitupu. Hakuna mgeni anayeondoka hapa bila mawese. Nilipaswa kulifikiria hilo kabla ya kuwaza kuku. Tukaenda sokoni. Mama Leonia, muuza mawese, alitupokea kwa amahoro, salamu ya Kiha, na vionjo. Mama akachagua dumu la lita ishirini, jekundu kama udongo wa Kasulu. Kifuniko hakuna. Mama Leonia akaziba kwa gunzi lililovishwa mfuko wa rambo, akaapa kwa wajukuu zake kwamba halivuji.

Niliomba dumu likae nyuma. Mama alisema mawese hayakai nyuma kama mkimbizi. Akalilaza miguuni pake, shingo ikiwa imeingia chini ya kiti, ili lisiyumbe.

Mvua ilitukuta njiani. Mvua ya Novemba, isiyo na utangulizi. Bondeni Gungu barabara ilikuwa mto, na baiskeli zimejipanga pembeni zikisubiri. Nilisimama nifikiri. Mama akasema Baba hakuwahi kufikiri hapa. Nikaingia.

Katikati ya maji nikasikia honi. Gari jeupe! Frida akatupita kwa kasi, akapunga mkono, na wimbi lake likatuingilia kupitia tundu la kutu, likanyanyua zulia. Kataa ka njano kakawaka. Injini ikakohoa. Mara ya pili. Mara ya tatu. Niliona behewa la mizigo. Nilimwona Oswald akiosha vioo vyangu mbele ya baa. Niliomba kwa madhehebu yote ninayoyafahamu.

Mama akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu aje. Akasema sasa ndiyo gari la baba yenu.

Na likaendelea! Likakohoa, likatema, likapanda ng'ambo hadi nyumbani. Kataa kakazimika kenyewe.

Kumtoa Mama garini ndiko kulikoniumbua. Viatu vyake vilikuwa vyekundu. Gunzi lilikuwa limetoka zamani, pengine hata kabla ya Gungu. Akavuta dumu, akainama, akauliza ni kitu gani hicho chenye nyaya kinachokaangwa chini ya kiti chake.

Zulia lilikuwa limeshuka tena na kuziba tundu, na kisanduku kilikuwa kimezama katika mawese hadi shingoni.

Nilieleza yote: Mwandiga, balbu, injini, droo ya Frida, kofia, redio. Nilitumia sentensi ndefu. Mama alinisikiliza akijifuta miguu kwa kanga, kisha akaniuliza kama nimemaliza. Akasema Baba yangu aliibadilisha injini ya gari hili mara mbili, na kila mara aliirudishia kofia ileile juu, akidhani mkewe haoni. Ya pili hata haikuwa ya Korola. Ndiyo iliyokuwa inakohoa. Ile ambayo Mama alinikataza nisiiguse, basi, tayari ilikuwa ya kuazima.

Nikauliza, kwa sauti ndogo, kwa nini aliniwekea sharti. Alitaka kuona, akasema, kama nitalihangaikia. Oswald asingehangaika, Oswald angeuza. Mtu aliyevuta petroli kwa mdomo ili gari litembee, huyo ni mtoto wa Baba yake, awe na akili au asiwe nayo. (Habari za petroli alizipata wapi? Hamdani, bila shaka.)

Gari linabaki. Linabaki! Nimekaa jikoni nikalia kidogo, kisha nikacheka, kisha nikaosha zulia.

Jumapili, 24 Novemba

Mama ameondoka na treni ya jioni, na mawese yaliyosalia, dumu likiwa limezibwa upya kwa gunzi lilelile. Kupitia dirisha la behewa alinipa maagizo mawili. Kisanduku nikitoe chini ya kiti, nikikaushe, nikakiweke pale anaposema yule dereva wa Frida, juu na pakavu. Na taa ikiwaka, niiamini. Nimeitikia yote mawili kwa moyo mweupe.

Nimefika nyumbani nimetulia. Utulivu huzaa fikra.

Ukweli unaoonekana ni huu. Kisanduku kilikutana na maji kikiwa kimejaa mawese, nacho kikapona. Mawese hayapitishi umeme; hilo nimelithibitisha kitabuni. Yalijaza nafasi zote, maji yakakosa pa kuingia. Nakiri kwamba maelezo mengine yapo. Huenda maji hayakukifikia kabisa. Huenda ni bahati. Mtafiti mwaminifu hana budi kuyaweka mezani maelezo hayo, na nimeyaweka, yako pale.

Kesho nitanunua dumu jingine kwa Mama Leonia. Hamdani atatengeneza kopo la bati, tutaingiza kisanduku, tutajaza mawese, tutaziba. Litakaa chini ya kiti. Nimemtumia ujumbe, amejibu kwamba atafanya, lakini jina lake lisitajwe. Nikifanikiwa, redio nayo itafuata. Frida na droo yake watasubiri sana.

Jambo moja dogo. Nilipokuwa natoka stesheni, kataa ka njano kaliwaka, na hakakuzimika hadi Bangwe. Nimelipima jambo hili kwa utulivu, bila haraka. Gari linavuta vizuri. Halikohoi. Kataa kamefungwa na Hamdani, tena akiwa na njaa.

Nimetoa balbu.