Tarihi ya Ngege Aliyepoteza Mkia Ahero

Njooni mkae, enyi watu wa Nyalenda na enyi watu wa Milimani, ninyi mnaouza dagaa wa omena na ninyi mnaotuma mtu awanunulie omena! Lazeni simu zenu kifudifudi. Leo hatusimulii mikuki wala viti vya enzi vilivyopinduliwa, bali jambo zito kuliko hayo: jinsi Emmaculate wa Alego, mwanamke wa magauni yasiyokunjamana, mwenyekiti wa kazi za mikono katika umoja wa akina mama kanisani kwa miaka kumi na mmoja, alivyojiandaa kusafiri na vitambaa vyake vya kudarizi, na yaliyompata Ahero.

Mumewe, Mzee Dishon, aliyestaafu ofisi lakini hakustaafu amri, alinunua basi dogo la shule lililokwisha kuchoka, mafundi wa jua kali wakalitia kitanda kipana nyuma, kitanda chembamba mbele, jiko la gesi, na sinki ambayo haikuwahi kuona maji. Akatangaza, "Mama, tutazunguka mwambao wa ziwa siku saba. Kendu Bay, Homa Bay, mpaka Mbita. Hoteli hatulali hata siku moja."

Laiti angeishia hapo! Lakini habari zilimfikia Dorca, dadake Mzee Dishon, mpekuzi wa pindo, mwanamke ambaye akialikwa chai hugeuza kwanza kitambaa cha kochi aone upande wa nyuma.

"Na mimi nakuja," Dorca akasema. "Miaka kumi na moja naona vitambaa ya nyar Alego, huyu binti ya Alego, ikiwa imeisha. Sijawahi kuona hata moja ikianza. Nitakaa karibu na yeye siku saba nimwone akishona. Nisipoona, akina mama watajua, na hiyo kiti itapata mtu mwingine."

Hapo moyo wa Emmaculate ulipiga paa! Kwa maana ile sifa yote, wale tausi na wale samaki ngege waliolala juu ya makochi ya Milimani, ilitoka katika mikono ya Apiyo, fundi wa soko la Kibuye, anayekaa nyuma ya vibanda vya mapazia ya mitumba. Sehemu ya Emmaculate katika kazi ilikuwa kuvifua, kuvitia wanga, na kupokea pongezi.

Akashuka Kibuye alfajiri na mapema, bangili zikilia, akasimama mbele ya cherehani na kunena: "Ewe Apiyo, ngome yangu katika siku ya taabu! Adui amejialika garini mwangu. Nitie silaha, la sivyo miaka kumi na mmoja ya heshima itazama kama jiwe ziwani!"

"Mama, si ukae hapa siku mbili tu nikufundishe?" Apiyo akamjibu, pini zikiwa mdomoni. "Hii mshono ya mnyororo hata mtoto wa nasari anaweza."

"Jemadari hafundishwi kunoa mkuki vita vikiwa mlangoni."

Basi wakafanya shauri, na shauri lenyewe lilikuwa la hila kuu. Apiyo angedarizi vitambaa saba vya mchoro mmoja, ngege katikati ya matete, kila kimoja kikiwa kimekizidi kidogo kile cha kabla yake. Cha Jumatatu kingekuwa na tete moja tu, cha Jumanne kingeongezwa kichwa na mgongo, na kuendelea hivyo hadi cha Jumapili, kilichokamilika magamba, jicho na mkia. Kila siku Emmaculate angetoa kitambaa cha siku hiyo, na Dorca angeona kazi ikikua mbele ya macho yake.

Apiyo aliweka alama za chaki ya fundi pembeni, mstari mmoja hadi saba. "Lakini usipige pasi, Mama. Hii chaki ikiona moto inapotea."

Emmaculate alisikia. Kusikia kwa mkubwa, hata hivyo, si kama kusikia kwa mtu mwingine.

Ni nani atakayezihesabu silaha alizozipakia? Zilipanda nyuzi za rangi arobaini, na sindano ambazo zingetosha kikosi. Ikapanda fremu ya mviringo ya kubana kitambaa, na mkasi wenye umbo la korongo. Likapanda gunia la vipande vya vitenge kwa ajili ya shuka la viraka ambalo hakuna aliyewahi kuliona likianza. Mzee Dishon akauliza, "Mama, hii ni gari ama ni kibanda ya mitumba?" Mwisho shujaa akavitazama vile vitambaa saba, akaona mikunjo. Kitambaa chenye mikunjo hakijawahi kutoka katika nyumba ile. Akapiga pasi, kimoja baada ya kingine, kwa mvuke na kwa fahari, akavikunja vizuri kikapuni. Miwani hakuivaa, kwa kuwa miwani ni ya wazee.

Wakaondoka Jumatatu asubuhi. Walipofika Ahero wakakuta mto Nyando umevunja kingo na kulala juu ya barabara mbele yao, na polisi wakasema asiye na mbawa asubiri. Basi likaegeshwa kando ya mashine ya kukoboa mchele.

Emmaculate akatumbukiza mkono kikapuni, akatoa kitambaa, akakibana kwenye fremu, akaanza kupunga sindano isiyo na uzi.

"Yawa!" Dorca akamaka. "Umeanza leo na samaki iko na mkia tayari?"

"Mikono mingine imebarikiwa, Dorca."

Jumanne akatumbukiza mkono tena. Dorca akakitazama kitambaa kwa muda mrefu.

"Nyar Alego. Jana hii samaki ilikuwa na mkia. Mkia imeenda wapi?"

Shujaa akasimama kwa hadhi, akagonga kichwa kwenye kabati, hata hivyo akanena: "Dorca, binti wa mama mkwe wangu! Hujui kwamba mwenye kipaji hujihukumu kabla ya kuhukumiwa? Mkia ule haukuniridhisha. Nililala, dhamiri ikaniamsha, nikaufumua uzi kwa uzi."

"Ulifumua saa ngapi, na tulilala kitanda moja, mguu yako kwa mgongo yangu?"

Mzee Dishon, aliyeketi mbele, akaongeza sauti ya redio.

"Sawa," Dorca akasema, akajikalisha vizuri. "Shona mkia mpya. Niko hapa. Maji haijaisha, hatuendi mahali."

Hapo, wasikilizaji, ndipo vita vilipowaka. Mara saba uzi ulilishambulia tundu la sindano, mara saba ukarudishwa nyuma umepinda. Mara ya nane mwanamke yule akafungua mkoba, akatoa miwani, akaivaa mbele ya wifi yake. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Aliogopa pia, maana bila kile kiti hakujua angeitwa nani. Uzi ukapita. Akakumbuka alivyomwona Apiyo akifanya: ingiza, zungusha, vuta. Akajichoma, akanyonya kidole, akaendelea. Alianza wakati wa chai ya saa nne, na alipokata uzi, wali wa Mzee Dishon ulikuwa umeiva na kuungua.

Dorca akakichukua kitambaa. Upande mmoja wa mkia ulikuwa mrefu, mwingine umejikunja kama sikio la mbuzi. Akakigeuza nyuma. Akacheka mpaka akashika mbavu.

"Zile zingine mimi sijui, na sitauliza," akasema akifuta machozi. "Lakini mkia mbaya hivi hakuna fundi anaweza kuuza. Hii ni yako. Kaa na kiti yako."

Maji yakapungua, wakazunguka mwambao, wakarudi. Siku ya soko Emmaculate akakipeleka kitambaa Kibuye. Apiyo akakikunjua, akamsifu ngege wake mwenyewe kimoyomoyo, kisha akaufikia mkia. Akachukua wembe wa kufumulia.

"Weka chini huo wembe!" Emmaculate akapaaza sauti, na mapazia ya jirani yakatikisika. "Ukiugusa, tutakosana."

Apiyo akautazama ule mkia, akamtazama Mama mwenyewe, mwenye plasta kidoleni na miwani usoni. "Lakini Mama, ni nani amekushonea hii kitu?"

"Mimi," akasema Emmaculate wa Alego, mshindi wa Ahero, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na mmoja, jibu lilikuwa la kweli.