Sambusa za Kuonjesha Kikundi

Leo nimeaibika, tena mbele ya kikundi kizima. Wacha niwaambie mwenyewe kabla hamjasikia kule sokoni.

Mnajua tangu ukame umalize ng'ombe wa baba nimekuwa mtu wa sambusa hapa Kiwanjani. Karai langu ni dogo. Ramadhani ikifika, mji mzima unataka sambusa kwa wakati mmoja, natoa chache na wateja wanaenda kwa wengine. Kwa hivyo niliomba mkopo kwa kikundi chetu cha akina mama, ninunue karai kubwa kabla mwezi haujaandama. Sheria yao ni moja: hukopeshwi pesa ya biashara ya chakula mpaka waje wakionje. Walisema watakuja leo asubuhi.

Jana nilishinda nikikatakata vitunguu. Jioni kulikuwa na mawingu, mwezi sikuuona. Redio yangu haina betri (niliona ni hasara, na unga umepanda). Bwana wangu yuko na lori njia ya Moyale. Nikalala fofofo.

Asubuhi nikawasha jiko nje ya mlango. Harufu ikajaa mtaani. Watu walipita wakiniangalia sana, mmoja akatikisa kichwa. Nikafurahi, nikajua harufu imewashika. Mteja wa kwanza alikuwa Mwenda, yule Mmeru wa kanisani anayeuza mboga. Alikula, akaongeza, akaongeza tena.

"Leo umetukumbuka sisi," akasema.

Sikujiuliza "sisi" ni akina nani.

Mara akina mama wakafika, mwenyekiti Mama Talaso akiwa mbele. Mimi nilikuwa naonja chumvi. (Kuonja ni njia ya kusema. Nilikuwa kwenye sambusa ya tatu.)

"Salaam aleikum."

Niliitikia mdomo umejaa, nikawanyooshea sinia. "Karibuni, mama. Iko moto moto."

Hakuna mkono uliotoka.

"Saadia, wewe uko mgonjwa?" Mama Talaso akauliza.

"Hapana, mama. Niko mzima kabisa."

"Uko safari?"

"Safari ya wapi, na mimi niko hapa?"

"Sasa hiyo iko kwa mdomo ni ya nini? Mwezi imeonekana jana. Watu wamefunga."

Sambusa ikakwama. Kumeza siwezi, kutema mbele yao siwezi. Mwenda alichukua sahani yake polepole, akahamia nyuma ya ukuta. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Karai langu kubwa nikaliona linaenda.

Mama Talaso akasema tu, "Tulikuja kukuambia tutaonja magharibi."

Wakaenda. Nikasukutua, nikazima jiko, nikashinda na njaa kama wenzangu.

Magharibi walirudi kweli. Walifuturu sinia nzima, wakafuta vidole, wakanong'ona kidogo. Mkopo nimepata. Halafu Mama Talaso akaniongezea noti juu yake.

"Hii si ya karai. Hii ni ya betri ya redio."

Karai na betri nitalipa kidogo kidogo. Ila sasa nadaiwa pia siku moja ya funga, na hiyo kikundi hakikopeshi.