Siku ya Tatu Nikampa Mgeni Kibodi

Jumatatu, 8 Juni

Namshukuru Mungu kwa kunipa dada. Wengine wana dada wa kuwapigia simu tu. Wangu ana karakana ya kudarizi, chumba cha uani, na moyo wa kunilisha tangu nilipoachishwa kazi ya tatu. Leo nimeamua kulipa fadhila.

Shida ya karakana ni hii. Cherehani ya kudarizi huongozwa na kompyuta, na programu yake haikubali ila kompyuta kuukuu, ile inayonguruma na kula nusu ya meza ya dirishani. Nusu nyingine ni ya Binamu, fundi wetu wa kukata. Mpango: ndani ya kompyuta mpya ya hesabu nitatengeneza kompyuta pepe, yaani kompyuta isiyo na mwili, inayodhani bado iko zama zake. Nimeipa jina Mgeni. Programu ya zamani itaishi humo. Kuukuu itaondoka. Pale dirishani patabaki nafasi ya Mkuu wa Mitambo. Mkuu wa Mitambo ni nani? Haya, tutaona.

Dada kasema sawa, ila nisiguse kitu mpaka sare za wauguzi zitoke. Jumamosi wanahitimu, na kila sare lazima iwe na jina la mwenyewe kifuani. Hajawahi kupata mteja mkubwa hivi. Nikamwambia aondoe shaka.

Jumanne, 9 Juni

Mgeni amewaka! Programu imefunguka bila kinyongo. Nimejawa na shukrani, na shukrani haikai kifuani tu, lazima uifanyie kitu. Nimebeba kompyuta kuukuu nikaipeleka shule ya jirani, zawadi ya karakana. Mwalimu mkuu kanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Tumepigwa picha. Wanafunzi wameanza kuifungua palepale waone vilivyomo. Elimu ni kitu kizuri sana.

Kesho nitaunganisha cherehani.

Jumatano, 10 Juni

Mgeni haoni cherehani. Nimesoma, nimeelewa: kifaa hukabidhiwa. Mwenye nyumba, yaani kompyuta mpya, akiachie, ndipo mgeni akishike. Hawawezi kukishika wote wawili. Basi, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Na leo ni siku ya tatu! Nani angebisha?

Ungeweza kukabidhi cherehani peke yake, au bodi nzima ya matundu ya USB. Mchoyo angetoa cherehani. Mimi sikulelewa hivyo. Nimetoa bodi nzima. Tena nikaamuru Mgeni awe anajiwasha mwenyewe kila kompyuta inapowashwa, asisumbuke mtu.

Kumbe kibodi na kipanya navyo hupitia bodi hiyohiyo! Vyote vimekwenda kwa Mgeni. Na Mgeni, mtu wa zamani, hayajui matundu ya kisasa. Kashika kibodi, kashika kipanya, kashika cherehani, na hajui hata kimoja ni nini. Nikabonyeza, wapi! Nikazima, nikawasha. Akajiwasha, akazoa vyote tena. Dada akauliza mbona natoka jasho. Nikasema joto.

Alhamisi, 11 Juni

Dada kauliza kompyuta kuukuu iko wapi. Nikamweleza habari za elimu.

Hakufoka. Afadhali angefoka. Alikaa juu ya furushi la sare, akasema polepole kwamba wauguzi wale wamemwamini yeye, na wakisimama Jumamosi bila majina hakuna mtu atakayemletea hata leso. Shemeji, mumewe, akataja kwamba chumba cha uani kinaweza kupata mpangaji wakati wowote. Dada akatia uzi kwenye sindano ya mkono. Jina moja likamaliza asubuhi yote.

Niliona aibu hadi nikashindwa kula. Mchana nilikula, lakini bila raha.

Ijumaa, 12 Juni

Namshukuru Binamu! Nilikwenda kujificha nyuma ya vitambaa vyake, nikaona kinachokandamiza karatasi zake za vipimo zisipeperuke. Kibodi ya kompyuta kuukuu! Aliichomoa siku ile naibeba, kwa vile ina uzito mzuri. Waya wake una kichwa cha duara. Na nyuma ya kompyuta mpya lipo tundu la duara, lisilohusiana kabisa na bodi niliyomkabidhi Mgeni!

Nikaomba. Binamu akasema upepo wa dirishani ni mkali na yeye kibodi yake anaitegemea. Akataka niape mbele ya shemeji kwamba meza yote ni yake, hata ile nusu iliyo wazi. Nimeapa. Imeniuma, Mkuu wa Mitambo nimebaki bila meza.

Nikachomeka. Herufi zikaja! Nikamnyang'anya Mgeni bodi, nikampa cherehani peke yake, kwa tundu pepe la kizamani analolijua. Kimya. Kisha sindano ikaanza kugonga, na jina la muuguzi likatokea herufi kwa herufi. Dada akalia. Nami nikalia. Shemeji akasema kaingiwa na uzi jichoni. Sare ya mwisho imekunjwa kabla ya magharibi, wote tukikata nyuzi, hata shemeji.

Jumapili, 14 Juni

Jana wauguzi walihitimu. Nilipita kati yao nikisoma sare moja moja hadi mlinzi akauliza natafuta nini. Nikamwambia nashukuru tu.

Dada amenisamehe. Kasema mchuma janga hula na wa kwao, na kwa bahati mbaya wa kwetu ni yeye. Hakuna aliyewahi kuniambia neno zuri hivyo. Chumba bado ni changu.

Sifa zimefika kwa mpiga picha, jirani yetu. Mashine yake ya kusafisha picha nayo haisikii ila kompyuta ya zamani, na wiki hii ana harusi mbili. Kanishika bega, kasema ananiamini. Mimi! Machozi yalinilengalenga.

Nimekwisha kumtolea ile ya zamani, nimeipeleka shuleni mwenyewe. Mwalimu mkuu ameshukuru sana. Safari hii wanafunzi walikuwa wananingoja getini na bisibisi.