Siku Nilipoua Sumaku ya Profesa

Jumatatu, 4 Machi

Profesa kasafiri. Siku tatu. Maabara imebaki mikononi mwetu wawili: mimi, fundi wa mitambo kwa miaka kumi na mitano, na Miwani, mwanafunzi wa uzamivu kwa miaka miwili na mwenye mdomo usiopumzika. Ijumaa wanakuja wageni kutoka makao makuu kumteua msimamizi wa mashine mpya. Nafasi ni moja. Mke wangu ameshawatangazia ndugu zake kwamba ni yangu. Sikumwambia hivyo. Nilisema tu kwamba simwoni mwingine anayefaa.

Kazi tuliyoachiwa: fuwele ya Profesa, ndogo kuliko punje ya chumvi, imebanwa katikati ya ncha mbili za almasi. Unakaza skrubu, shinikizo linapanda alama moja. Unaipoza kwa nitrojeni ya kimiminika mpaka iwe baridi kupita kiasi, unapima nguvu ya sumaku yake, unaandika. Unakaza tena. Profesa ameilea fuwele hii miaka sita. Amesema tusivuke alama ya tatu mpaka arudi, na kila kipimo kiandikwe hata kikiwa cha ajabu.

Miwani akajitolea kunieleza, mbele ya mama wa usafi, kwamba kila atomi ina kijisumaku chake kiitwacho spini, na kwamba spini za majirani hupatana au hukinzana kutegemea atomi zimesogeleana kiasi gani. Nikamjibu kwamba hayo nayajua. Nilikuwa siyajui. Mama wa usafi akanitazama kama mtu anayetoa pole msibani.

Mpango: nitakwenda hadi alama ya tano peke yangu. Ukibana zaidi, sumaku inapata nguvu zaidi, jambo lililo wazi kwa mtu yeyote. Ijumaa nitakuwa na namba asiyokuwa nayo mwingine.

Jumanne, 5 Machi

Miwani kaenda kung'olewa jino. Sikupoteza hata dakika.

Alama ya kwanza, arobaini. Ya pili, arobaini na moja. Ya tatu, arobaini na tatu. Nikaanza kupiga mluzi. Ya nne, thelathini na tisa. Mluzi ukakoma. Ya tano, sufuri.

Nikadhani waya umechomoka. Haukuchomoka. Nikazima mashine, nikawasha. Sufuri. Nikapima sumaku ya mfano tunayoitumia kuhakiki mashine. Ikasoma sawasawa. Nikarudi kwenye fuwele. Sufuri, bila aibu.

Nimekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa nusu saa nzima. Sumaku ya miaka sita nimeimaliza kwa asubuhi moja.

Nilipopata nguvu nilifungua kibanio na kuitoa. Chini ya hadubini ilikuwa nzima, haina ufa, rangi ileile. Niliisogezea sindano ya chuma. Haikutikisika. Maiti kabisa. Nimeihifadhi kwenye kiberiti kitupu, kiberiti kipo mfukoni, na kwenye daftari la vipimo sijaandika kitu.

Nyumbani mke wangu aliuliza mbona sili. Nikasema nimeshiba mawazo ya uongozi.

Jumatano, 6 Machi

Usingizi umenipa ufumbuzi. Mama mkwe anaishi nasi tangu goti lake lifanyiwe upasuaji. Mlango wa kabati lake la nguo unashikwa na sumaku. Alipoingia kuoga niliichomoa kwa bisibisi. Dakika mbili tu. Kama ningekuwa mwizi ningefika mbali.

Maabarani nilimwambia Miwani kwamba mhasibu anamtafuta. Akaenda kumtafuta mhasibu. Nikakwangua punje ya kwanza, nikapiga chafya, punje ikapotea milele. Ya pili niliipachika pumzi nimeibana.

Mashine ilisoma mia mbili na kumi na mbili. Niliisoma mara tatu. Nikakaza hadi alama ya tano: mia mbili na kumi na mbili vilevile. Sumaku isiyotishwa na shinikizo. Nimeyaandika yote kwenye daftari kwa kalamu nyeusi, mwandiko mzuri, sahihi chini. Miwani aliporudi (mhasibu yuko likizo) alizisoma zile namba, akakuna shavu lililovimba, akakaa kimya. Sijawahi kumwona kimya.

Jioni mama mkwe alilalamika kwamba kabati linafunguka lenyewe. Mke wangu akamwambia ni dawa za maumivu zinamchanganya. Mama akajibu kwamba goti ndilo lililopasuliwa, si kichwa. Hawasemezani. Nilikula nikiwa nimeinama.

Alhamisi, 7 Machi

Profesa karudi. Alisoma daftari akiwa bado na mkoba begani. Akasoma tena. La kuvuka alama ya tatu hakuligusa. Akauliza kama namba hizi nimeziona kwa macho yangu. Nikasema ndiyo, na kwa hilo sikudanganya.

Akaketi. Kisha akanieleza taratibu, bila majivuno, kama mtu anayezungumza na mwenzake. Kwa hesabu zake za miaka sita, fuwele ikibanwa karibu na alama ya tano, atomi husogeleana kiasi kwamba spini zilizokuwa zikitazama upande mmoja huanza kukinzana na majirani. Moja juu, moja chini, moja juu, moja chini. Kila moja inafuta nguvu ya jirani yake. Mashine inapaswa kusoma sufuri.

Sufuri.

Nilishika meza.

Akasema wenzake wengi walimcheka kwa hesabu hizo. Kwamba alitamani kuiona hiyo sufuri kabla ya kustaafu. Sasa namba zangu zinaonyesha alikosea, na kesho atawaambia wageni hivyo mwenyewe, kabla hawajaambiwa na wengine. Akainuka, akafuta ubao wote kwa kiganja. Aligeuka mkono umejaa chaki.

"Asante, Fundi," akasema. "Wengine wangenificha."

Nikafungua mdomo nimwambie. Nikasikia sauti yangu ikiuliza kama atapenda chai. Akasema atapenda. Nikaenda kuchemsha maji.

Ijumaa, 8 Machi

Naandika haya usiku.

Wageni walikuwa watatu. Profesa alisimama mbele yao na kusema ana jambo la kukiri kuhusu kazi yake. Miwani alikuwa pembeni, amefungua kibanio ili wageni waione fuwele chini ya hadubini. Akasogeza koleo la chuma. Punje ikaruka ikanasa kwenye koleo.

Miwani akaliinua koleo mbele ya macho yake. "Profesa, samahani. Fuwele yetu haiwi sumaku mpaka ipozwe. Hii imenasa hapa mezani, kwenye joto la chumba."

Hapo nikaelewa kwa nini ile sindano ya Jumanne haikutikisa kitu. Haikupaswa kutikisa kitu. Miaka kumi na mitano humu ndani, sikuwahi kuuliza kwa nini tunaipoza.

"Fundi," Profesa akasema. "Hii ni nini?"

Nilifikiria kusingizia unyevu. Kisha nikauona mkono wake, chaki ya jana bado ipo kwenye kucha.

"Ni ya kabati la mama mkwe," nikasema.

Mgeni mmoja akakohoa kwa muda mrefu.

"Na yangu iko wapi?"

Nikatoa kiberiti mfukoni. Akakipokea kwa mikono miwili. Akauliza nilifika alama ya ngapi. Nikamwambia ya tano. Akauliza ilisoma ngapi.

"Sufuri, Profesa. Niliiua. Nisamehe."

Akaniomba nirudie. Nikarudia. Akavuta kiti akakaa, akafunika uso, mabega yakawa yanatikisika. Nilijua nimemliza mtu mzima mbele za watu. Alipouondoa mkono alikuwa anacheka na machozi yanamtoka, yote kwa pamoja.

Wageni waliombwa wasubiri. Walisubiri kwa saa tatu, fuwele ya kiberiti ikapachikwa, ikapozwa na kupimwa upya. Arobaini, arobaini na moja, arobaini na tatu, thelathini na tisa, sufuri. Kisha Profesa akaagiza skrubu ilegezwe hadi alama ya tatu. Arobaini na tatu. Nimeiona kwa macho yangu. Maiti imefufuka kwa kulegezewa skrubu, jambo ambalo Jumanne ningeweza kulijaribu kwa mkono mmoja.

Msimamizi wa mashine mpya ni Miwani. Mimi nina barua ya onyo. Profesa aliniita kando, akasema sumaku nilikuwa sijaiua, ila ukweli wake nilikuwa karibu kuuzika. Kipimo ni kipimo, akasema, hata kikikutisha. Nikaapa kwamba kuanzia sasa nitaandika kila kipimo.

Nyumbani nilikiri. Mke wangu na mama yake wamepatana papo hapo, wamekaa sebuleni wananicheka kwa zamu. Mama mkwe amesema, "Mwanangu, ungeniomba tu, ningekupa kabati zima."

Jumatatu, 11 Machi

Mimi sasa ni mtu mpya. Nimefika mapema. Kazi yangu sasa ni kujaza nitrojeni na kutogusa skrubu. Profesa na Miwani wana kikao hadi saa kumi alasiri.

Nilikuwa nimekaa tu, natafakari. Nilivuka mpaka kwa alama mbili tu, na Profesa akalia kwa furaha. Je, ningevuka kwa sita?

Alama ya saba, shwari. Ya nane, skrubu ngumu kidogo. Ya tisa, kitu kimelia "tk."

Nimetazama chini ya hadubini. Almasi ya juu ina ufa kutoka ukingo hadi ukingo. Nimetazama mara nne. Nimekaa kwenye ile ndoo yangu.

Daftarini sijaandika kitu. Saa nane na robo sasa. Nimempigia mke wangu kumuuliza kama leo amevaa zile hereni zake zenye kijiwe cha kung'aa.