Jasho la Kazi Halihesabiwi

Ofisi Kuu ilitangaza, kwa furaha, kwa waraka wa mkurugenzi na kwa kipaza sauti, kwamba kuanzia Jumatatu jasho la watumishi litagawanywa katika aina mbili: jasho la mazoezi na jasho la shughuli za kawaida. Mwenye jasho la kwanza ataongezewa nyama kantini. La pili halitahesabiwa, kwani limekwisha kujumuishwa kwenye mshahara.

Kusimamia utaratibu huo aliteuliwa karani mwembamba aliyeozea masjala bila kupandishwa cheo. Wenzake walimwita Mizani. Alipewa meza mlangoni mwa kantini na cheo kirefu: Afisa Mbainishaji wa Jasho. Mkewe alipomwuliza maana yake, alijibu kwamba utaalamu hauelezeki kwa mtu anayekaanga vitunguu.

Siku ya kwanza alifika tarishi, mama mtu mzima, akihema, mafaili kwapani.

"Nimepanda ngazi tangu asubuhi, mwanangu. Niongezee."

"Pole, mama. Hiyo ni kazi."

"Na mkurugenzi aliyepita hapa na kaptula, akabeba nyama?"

"Alipanda ngazi hizo hizo, lakini huko juu hakuwa na shida yoyote. Hayo ndiyo mazoezi."

Mama akamtazama kama anayemtazama mgonjwa, akaenda kula maharage yake.

Kesho yake alikuja na raba miguuni. Alikuwa amepanda na kushuka mikono mitupu. Mafaili aliyaacha chini, maana yangemharibia mazoezi. Mizani alizikagua zile raba. Akampa nyama.

Habari zikaenea. Mhasibu akawa analizunguka jengo mbio. Dereva alizima gari makusudi ili alisukume. Dada wa mapokezi alipokea wageni huku akichuchumaa na kuinuka, wageni nao wakimfuata kwa adabu. Simu zililia mpaka zikachoka. Ofisi Kuu ikatoa taarifa kwamba afya ya watumishi imeimarika, na kwa mara ya kwanza taarifa yake ilikuwa kweli.

Ijumaa mkurugenzi akahitaji faili la safari yake ya nje. Lilikuwa masjala, chini kabisa, na lifti ilikuwa imekufa. Fundi wake alikuwa anaruka kamba. Mkurugenzi akaagiza, akafoka, akabembeleza. Kila mtu alimjibu kwa heshima kwamba yuko katikati ya mazoezi. Mwishowe alishuka mwenyewe, na suti yake na tai yake, akalipandisha, akalitia saini, kisha akaja nalo kantini, shati limemgandia mgongoni.

"Nyama," alisema. "Vipande viwili."

 Cheo cha Mizani kilikuwa hakijamaliza hata wiki. Foleni nzima ikasogea kusikiliza. Mizani akalitazama faili.

"Samahani, bosi. Huko juu ulikuwa na shida nalo yoyote?"

"Shida kubwa. Ndege inaondoka jioni."

"Basi hiyo ni kazi. Imo kwenye mshahara."

"Kazi?" mkurugenzi akauliza polepole. "Mimi?"

"Hata mimi nimeshangaa, bosi. Lakini waraka ni wako."

Mkurugenzi akaangalia foleni. Akapokea maharage. Mama tarishi, sahani yake imejaa nyama, akamsogezea kiti.

"Kaa, baba," alimwambia kwa huruma. "Siku ya kwanza kazini huwa inachosha."